Faili la Ndugu wa Mgonjwa

Ziwa Tanganyika lilipofungwa mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, hakuna mtu pale Kibirizi, Kigoma, aliyeuliza kwa nini mama yangu haonekani mwaloni. Nani alionekana? Nchi zinazolizunguka ziwa zilikuwa zimekubaliana samaki waachwe wazaliane. Mitumbwi ikavutwa juu, karabai na taa za sola zikatundikwa ndani, na wanawake wanaoanika dagaa wakarudi majumbani kuhesabu madeni. Mama yumo katika kazi hiyo tangu mimi sijazaliwa. Kwa wenzake miezi ile mitatu ilikuwa adha tupu. Kwake ilikuwa pazia. Alikuwa anatoka damu, mwanamke ambaye hedhi ilikwisha mkoma zamani, na nyuma ya ziwa lililofungwa akapata pa kujifichia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanga, mjini Kigoma. Mama anakaa Ujiji, daladala moja tu kutoka kwangu, na sikupitisha juma bila kwenda kumsalimu. Nilichokiona ni udi. Alianza kufukiza asubuhi, akafukiza mchana, na magharibi ikiingia chetezo kiko tena mlangoni. Nikasema ni utu uzima, wazee wa Ujiji wanapenda nyumba inukie. Akawa hakai tena mkekani katikati ya watu. Anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, kanga mbili kiunoni, na mgeni akiingia yeye anapata la kufanya uani. Akaacha kwenda kwenye maulidi. Akaacha hata matanga, na mtu wa Ujiji akiacha kwenda matangani ujue kuna jambo. Aliyelifunua ni mdogo wetu wa mwisho, aliyeamka alfajiri akamkuta anafua kanga gizani na maji yamegeuka rangi.

Niseme hapa kwa faida ya anayesoma: mwanamke aliyekoma hedhi akitoka damu, hata tone, aende hospitali. Wala asisubiri iongezeke. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na wengi wetu tunafika nayo imeshasambaa.

Basi tukampeleka mama hospitali, kipimo cha kinyama kikachukuliwa, tukasubiri. Hospitali iliyotupa majibu sitaitaja. Daktari alitokea mlangoni na karatasi mkononi, akauliza ndugu wa mgonjwa ni nani, nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akasema ni kansa ya shingo ya kizazi, hatua ya tatu, mpelekeni Bugando au Ocean Road, atafutwe afisa ustawi wa jamii kuhusu gharama. Akaita anayefuata. Ukumbi mzima ulisikia. Mama alikuwa benchi la nyuma, ameinamia tasbihi yake, na vidole havikuacha kusogea. Nilijiambia hajasikia. Yule daktari simlaumu sana. Foleni iliyokuwa mbele yake ingemchosha malaika. Lakini jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kuambiwa niliambiwa nimesimama, mkono juu.

Jioni ile ile baba mkubwa aliita kikao. Ni mvuvi mstaafu, mtu anayesikilizwa. Akasema, "Huyo ni mtu mzima. Mkimtajia hilo jina mtamuua kabla ya siku zake. Mwambieni ni uvimbe." Kaka akaunga mkono kwa simu kutoka Dar es Salaam. Hakuna aliyepinga, na uvimbe ukapita kama azimio.

Watu hupenda kusema kuficha ni desturi yetu sisi. Nimekuja kusoma baadaye nikakuta utafiti uliochapishwa mwaka 1961 ambamo madaktari wa hospitali moja ya Chicago waliulizwa kama huwaambia wagonjwa kwamba wana saratani, na asilimia 90 wakajibu kwamba kwa kawaida hawasemi. Sababu walizotoa ni zile zile za baba mkubwa: mgonjwa atakata tamaa, atajidhuru. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1979 madaktari wa Marekani wakaulizwa tena, na asilimia 97 wakasema wanawaambia. Katikati hapo tiba ilikuwa imeanza kuponya wengi kidogo, wagonjwa wameanza kudai haki yao ya kujua, na mwaka 1977 daktari wa magonjwa ya akili, Jimmie Holland, alikuwa ameanzisha katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, huduma kamili ya kushughulikia hofu na huzuni za wagonjwa. Kwa hiyo baba mkubwa alikuwa anawaza sawasawa na mabingwa wa Chicago, wamepishana miaka tu. Nilimweleza. Hakuona cha kuchekesha.

Bugando ingekuwa karibu zaidi, na mionzi wanayo. Lakini Mwanza hatuna mtu. Dar tuna kaka, anakaa Temeke, na familia nyingi za Kigoma huamua hivyo: hazitazami mashine iko wapi, zinatazama ndugu yuko wapi. Tukapanda treni, ile Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, maana basi lingemtikisa sana na nauli ya ndege hatukuwa nayo. Uvinza, Kaliua, Tabora. Mama alisimama karibu na dirisha muda mwingi, leso puani, akisema anapunga upepo. Hadi Dodoma hatukuwa tumezungumza neno moja la maana. Tulizungumza bei ya mawese.

Taasisi ya Saratani Ocean Road iko mkabala na bahari, kwenye barabara ambayo tangu mwaka 2013 inaitwa Barack Obama. Jengo lake la kale ni la Wajerumani, la mwaka 1897, na taasisi yenyewe iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996. Mtu wa Kigoma akitazama maji amezoea kuona ng'ambo. Siku isiyo na ukungu milima ya Kongo inaonekana wazi kutoka kwetu. Pale hakuna ng'ambo. Mama aliyatazama yale maji mara moja, akasema haya hayana mwisho, akageuza kiti kuelekea ukutani.

Nilikutana na watu wa kila mkoa. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022, Tanzania inapata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kwa mwaka, na ukikaa kwenye mabenchi ya hospitali ya saratani unaacha kuiona kama takwimu. Ila macho yangu yalikuwa yanakwenda kwa wale waliokaa pembeni ya wagonjwa. Mume wa Tandahimba aliyeshika chupa ya chai toka alfajiri bila kuifungua. Binti wa kidato cha tatu aliyeacha shule kwa sababu mama yake hana mwingine. Katika hospitali zote za nchi hii sisi tuna jina moja, ndugu wa mgonjwa. Ndugu wa mgonjwa lete maji, ndugu wa mgonjwa nenda dirishani, ndugu wa mgonjwa saini hapa. Mgonjwa ana faili, lina namba, lina dawa, lina tarehe ya kurudi. Sisi hatuna faili. Na mimi wakati ule nilikuwa silali, sili, moyo unanidunda usiku hadi nasikia masikioni, nimeshapima malaria nikaambiwa sina, nimeshapewa dawa za vidonda vya tumbo nikazimaliza bila nafuu.

Aliyetubadilishia mambo ni nesi wa tiba shufaa. Wengi wakisikia tiba shufaa wanadhani ni ya anayekufa, na kaka alipoona kibao aliniuliza kwa macho kama ndio tumefika huko. Ni huduma ya kupunguza mateso ya ugonjwa mzito, ya mwili na ya moyo, na inafaa ianze mapema, sambamba na matibabu. Mwaka 2010 madaktari wa Boston walichapisha utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa: waliopewa huduma hiyo tangu mwanzo walikuwa na sonona kidogo kuliko wenzao, na waliishi kitambo zaidi, miezi 11.6 dhidi ya 8.9 kwa kipimo cha katikati. Shirika la Afya Duniani linapoieleza huduma hii linataja mgonjwa na familia yake kwa pamoja. Nilipolijua hilo nilijisikia kama mtu aliyeambiwa kumbe jina lake limo kwenye orodha.

Nesi alivuta stuli, akakaa chini kuliko mama. "Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, hawa wanao wamekwambia unaumwa nini?"

Mama alinitazama. "Wamesema uvimbe."

"Na wewe mwenyewe unaonaje?"

"Mimi Nyerere alinisomesha ngumbaru," mama akasema. "Pale getini pameandikwa saratani. Na uvimbe gani huo wa kuletwa kwa treni kutoka Kigoma?"

Nikacheka. Kisha kile kicheko kikageuka kilio mbele ya watu, na nesi hakunizuia wala hakuniambia nijikaze. Mama akaendelea kwa sauti ile ile ya kuuza dagaa, akasema alisikia tangu siku ile ukumbini, kila neno, hadi hatua ya tatu. Alinyamaza kwa ajili yetu. Alihofia tukijua kwamba anajua tutavunjika, hasa mimi, "huyu mwalimu, moyo wake mwepesi." Basi kwa majuma yote yale, njia nzima ya reli, sisi tulikuwa tunamficha yeye na yeye anatuficha sisi, na kila upande unachoka peke yake.

Ndipo nesi akauliza swali ambalo sitalisahau kwa jinsi lilivyokuwa la kawaida: "Bibi, katika yote haya, kinachokunyima raha zaidi ni kipi?"

Nilijiandaa kusikia kifo. Nilijiandaa kusikia wajukuu.

Mama akasema, "Harufu."

Ilibidi nesi ainame amsikie, maana alilisema kwa kunong'ona. Saratani ya shingo ya kizazi ikifika mbali hutoa majimaji yenye harufu, na mwanamke msafi wa pwani ya ziwa, aliyelelewa kwa udi na asumini, alikuwa anaishi akijinusa. Hicho ndicho kigoda cha mlangoni. Hayo ndiyo maulidi aliyoyaacha. Hiyo ndiyo leso puani kwenye treni. Kule Temeke alikataa kupanda daladala, akitaka bajaji kila siku, na kaka alikuwa ameanza kunung'unika pesa chinichini akidhani mama anadeka. Kumbe hakutaka kukaa karibu na mtu yeyote.

Nesi akasema kwamba hilo lina dawa. Hakusema pole kwanza, alisema lina dawa. Akaeleza kwamba ile harufu inatokana na vijidudu vinavyokaa kwenye kidonda, na ziko dawa za kuvipunguza, zile zile za antibayotiki zinazojulikana kila zahanati. Akafundisha namna ya kujisafisha bila kujiumiza, maana mama alikuwa anatumia sabuni ya kufulia, Mungu amsamehe, na maji ya moto. Akaandika, tukachukua. Sikuhesabu siku, lakini haikuchukua muda. Asubuhi moja tukiwa tunatoka Temeke bajaji ilichelewa, mama akasimamisha daladala mwenyewe, akaingia, akakaa katikati ya abiria wawili, akaanza kuwauliza wanatoka mkoa gani.

Tangu hapo mtu akiniambia msaada wa kisaikolojia ni maneno matamu, namsimulia daladala ile. Mama angeweza kushauriwa mwaka mzima kuhusu kuikubali hali yake, na bado angebaki mlangoni. Huzuni yake ilikuwa na sababu, sababu ilikuwa na tiba, na ilihitaji mtu wa kuuliza.

Maumivu nayo hivyo hivyo. Aliandikiwa mofini ya maji, ya kunywa, na hapo ndipo vita ya familia ilipoanza. Baba mkubwa alipiga simu: hiyo ni dawa ya kumalizia watu, tena ni ulevi. Nesi akaweka simu kwenye spika, akamsalimu kwa adabu zote, akamweleza kwamba dozi inaanza ndogo, inapandishwa kwa kufuata maumivu, kwamba mgonjwa mwenye maumivu ya kweli akipewa kwa kipimo halewi akawa teja, na kwamba adha kubwa ni choo kigumu, ndiyo maana anapewa na dawa ya kulainisha. Jirani zetu Uganda wamekuwa wakiitumia mofini ya namna hii tangu Dokta Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa mwaka 1993. Mama usiku ule alilala hadi alfajiri. Aliyelala akaamka hana maumivu ndiye unayeweza kuzungumza naye habari za hofu. Mwenye maumivu anajibu ndiyo ili uondoke.

Kulikuwa na la mionzi pia. Watu wanasema kuchomwa, na neno hilo peke yake linatosha kumnyima mtu usingizi. Mama alikuwa amekataa kumpakata mtoto mchanga wa kaka. Tulidhani amechoka. Alikuwa amesikia kwenye foleni kwamba ukishachomwa unatoa moto unaowadhuru watoto. Akaelezwa kwamba mionzi ya mashine inayokupiga kutoka nje haibaki mwilini, ukishuka kitandani imeisha, mpakate mjukuu wako. Ni maelezo ya dakika mbili, na yalimrudishia mtoto.

Sasa nije kwangu, maana huu ni ushuhuda wangu, si wa mama.

Siku moja nikimsubiri mama atoke kwenye mashine, nesi akaniita. Nikainuka haraka nikidhani kuna karatasi ya kusaini. Akasema, "Kaa, mwalimu. Mama yako namwona kila siku. Wewe unalalaje?" Nikajibu nashukuru Mungu. Akauliza tena, "Unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi?" Akatoa karatasi yenye maswali tisa, akaniuliza moja moja: katika majuma mawili yaliyopita ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo, umejisikia huna tumaini, umeshindwa kula, umeshindwa kutuliza akili kwenye jambo moja. Mimi ninayesahihisha madaftari ya watoto sitini nilikuwa nasoma mstari mmoja wa gazeti mara nne. Swali la tisa linauliza kama umewahi kuwaza kwamba heri ungekufa. Nikanyamaza. Akasubiri. Nikasema siku kadhaa. Hakushtuka, hakuniambia astaghfiru. Akauliza kama nimefikiria namna ya kufanya hivyo, nikasema hapana, ni kutamani tu nisiamke, na ule ulikuwa ukweli. Akasema, "Afadhali umesema." Watu huogopa kuuliza swali hilo wakidhani watamtia mtu wazo. Kwangu ilikuwa kinyume: lile wazo lilikuwa limekaa peke yake kwa muda mrefu, na lilipoulizwa likapungua nguvu.

Akaniambia ninachougua kina jina, sonona, kwamba vidonda vya tumbo huenda sina kabisa, na nikirudi Kigoma niende kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa. Akaandika barua. Lile likawa faili langu la kwanza.

Kwenda ilikuwa kazi. Mkoa wa Kigoma una watu karibu milioni 2.5 kwa sensa ya 2022, lakini siku unapoketi kwenye benchi la kliniki ya akili unahisi wote wamepanga njia ile ile. Mjini kwetu mtu akisema "utaishia Mirembe" watu hucheka, na mimi pia nimewahi kucheka, ingawa Mirembe iko Dodoma, mbali na kila anayeitaja. Niliketi na ushungi nimeuvuta hadi kwenye nyusi. Haikupita muda akaja kuketi pembeni yangu mama mmoja ambaye mtoto wake yuko darasani kwangu. Tukatazamana. Akasema, "Shikamoo mwalimu," kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akauliza kama foleni inasogea. Hakuna kilichoanguka. Kesho yake mtoto wake alikuja shuleni na hakunitazama kwa namna yoyote mpya.

Pale nilikutana na muuguzi aliyebobea kwenye afya ya akili, kijana kuliko mimi. Nilitegemea vidonge. Akasema huenda tukavihitaji, lakini kwanza nitaje matatizo yote niliyo nayo, naye ayaandike. Yalijaza ukurasa. Nauli za Dar. Mkopo wa chama cha akiba. Kaka anayesema mimi ndiye mwanamke kwa hiyo mimi ndiye nimwuguze mama. Mtoto wangu wa kiume aliyeanza kushindwa mitihani. Mama. Halafu akaniuliza tuchague lipi moja, lile tu ambalo juma hili ninaweza kulifanyia kitu. Si kansa, hiyo haiko mikononi mwangu. Nikachagua kaka.

Nimesoma kwamba Harare, Zimbabwe, wamefanya jambo la aina hii kwa mabibi. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, mwaka 2006 hakuwa na wataalamu wala chumba, akawafundisha mabibi 14 wa mtaa wa Mbare kukaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kusikiliza watu, kisha kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Mwaka 2016 walichapisha matokeo ya utafiti wenye wagonjwa 573, na waliokaa na mabibi kama wale walikuwa na dalili chache mno za sonona baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria mama na wenzake pale Kibirizi. Usiku wa mbalamwezi dagaa hawafuati taa, wavuvi hawaingii ziwani, na wale wanawake hukaa kwenye chanja tupu wakizungumza mpaka usiku wa manane. Wanajua mambo ya watu kuliko ofisi yoyote ya kata. Wangefundishwa kuuliza, na kufunga mdomo kidogo baada ya kuuliza, mkoa huu ungepumua.

Kuhusu kaka, tulifanya kikao kwa simu, na mara hii mama mwenyewe alikuwa mwenyekiti. Akasema anaumwa saratani, akalitamka neno zima, akasema hataki kusikia uvimbe tena. Akasema mwalimu naye anaumwa na ana dawa yake ya kupumzika. Baba mkubwa alikohoa tu. Kaka akauliza kwa hiyo nani ataacha kazi. Mama akajibu hakuna wa kuacha kazi, ni zamu. Zikapangwa: safari ya kliniki ya Dar mtu mmoja, ya pili mwingine, hata wakwe wamo. Aliyekuwa hana pesa akapewa kumpeleka mtoto wangu twisheni. Haikwenda vizuri mara zote. Mkwe mmoja alikimbia zamu yake kwa kusingizia msiba, na msiba wenyewe ulikuwa wa jirani asiyemjua.

Mtu ataniuliza dini iko wapi katika haya yote. Ipo. Visomo vilisomwa, na hadi leo mama hanywi dawa bila bismillahi. Yule nesi, Mkristo wa Mbeya, ndiye aliyeuliza mama anaswali saa ngapi ili dozi isigongane na ibada. Waliotupotezea muda ni wengine, wenye chupa za mizizi na ahadi ya kuponya kwa siku saba, tena kwa pesa inayozidi nauli ya kwenda Dar. Mmoja alimfuata mama hadi Ujiji. Mama alimsikiliza, akamnunulia soda, akamwambia akishapona atamwita.

Matibabu yaliisha. Hakuna aliyetuambia amepona. Tuliambiwa imetulia, arudi kliniki. Amerudi Kibirizi, haingii tena na ndoo kichwani, anakaa kwenye kiti akiwagombeza vijana wanaogeuza dagaa vibaya. Mimi nilimaliza miezi kadhaa na yule muuguzi, vidonge nilivitumia kwa muda, sasa situmii. Usingizi umerudi, si wote.

Ambalo halijaondoka ni juma la kabla ya kliniki. Mama hugeuka mkali, chumvi imezidi, maji ni ya moto, wajukuu wanapiga kelele. Zamani tungejibizana. Sasa yeye mwenyewe hutangaza asubuhi, "Leo nimeanza," na mdogo wetu anajua asibishane naye hadi majibu yatoke, na mimi najua usiku ule nisilale na simu kando ya mto. Safari ijayo ni zamu ya kaka. Ameshauliza kama anaweza kunipa mimi, kwa kuwa mimi nimeizoea njia na manesi wananifahamu. Nimemkatalia, nina madaftari ya darasa la nne na Jumatano nina miadi yangu. Baba mkubwa amesema atasindikiza mpaka stesheni, na anapomuaga mama kwa watu bado anasema anakwenda kutazamwa ule uvimbe, na mama bado anamsahihisha, stesheni nzima ikisikia.